Namba ya Moyo

Usiku ule wa Februari mshipa mmoja uliziba,
na Vendel, mkataji glavu wa mtaa wetu hapa Pécs,
akaketi kitandani ameushika mkono wake wa kushoto
kama wa mgeni aliyeusahau kwetu.

Waliuzibua. Ila sehemu ya nyama ilikwisha kufa,
na iliyobaki, kwa kubeba kazi ya wafu,
ikaanza kutanuka.

Daktari Hajnalka akatugeuzia kioo cha mashine:
chumba cha chini, kushoto, kimekuwa duara,
kuta nyembamba, zinapepea badala ya kubana.
"Asilimia ishirini na saba. Mzima husukuma sitini."
Vendel hakuuliza kama atakufa.
Aliuliza, "Namba ngapi?"
Maana shuleni walimwambia moyo ni sawa na ngumi ya mwenyewe,
na ngumi yake ni nane na nusu, tangu ujana wake.
Daktari akapima kwa macho, akacheka kidogo.
"Kumi na moja, bwana. Glavu yake hamjaikata."

Njiani kurudi aliniambia jambo nisilolipenda:
"Piroska, ngozi ya mwanambuzi unailowesha,
unaivuta ukingoni mwa meza, hivi, mpaka iseme basi.
Ukipitisha hapo, haina kurudi.
Sijaiona iliyorudi."

Vikaja vidonge.
Cha kulegeza mishipa kilimpa kikohozi, kikabadilishwa.
Cha kuondoa maji kilimfundisha kila choo
kati ya kanisa na soko.
Kimoja ni cha wenye kisukari, naye hana kisukari.
Kingine kilimwotesha matiti;
akawa anafunga vifungo hadi kooni, hata Julai.
Na kile kidogo cheupe, cha kuuambia moyo pole, pole,
ndicho kilichompoza vidole.
Hebu fikiria. Mkataji glavu, vidole baridi kama vijiko.

Chini ya hospitali kuna chumba cha baiskeli zisizokwenda popote.
Zente, kijana wa mazoezi, alimzungushia utepe pajani,
akasema moyo ukiugua hula na miguu:
"Unadhani pumzi imekwama kifuani,
kumbe nusu ya deni liko hapa."
Dakika sita. Baada ya mwezi, tisa.
Vendel alimchukia kwa adabu.

Oktoba nilikuwa natafuta uzi wa kijivu.
Drooni, glavu moja ya kike, gumba limevimba.
Nikalibinya.
Vidonge kumi na vinane, vyeupe.
Nikavihesabu tena, labda vingepungua.

"Mkasi siusikii tena mkononi," alisema mlangoni.
Sikumgombeza. Nilichukua utepe
nikampima kiganja, kama mteja aliyelipa taslimu.
"Nane," nikamwambia.
Mkono umepungua, moyo umezidi.
Tulitazamana; hakuna aliyeutaka ule mzaha.
Usiku huo nilimshonea jozi yenye manyoya ya sungura ndani,
ncha za vidole wazi, ili mkasi usikike.
Asubuhi alimeza kile cheupe akiwa amezivaa.

Masika tulirudi kwenye kioo.
Thelathini na nane. Chumba kimesinyaa milimita saba.
"Umerudi?" akauliza.
"Kiasi. Kovu liko palepale, kovu halitaendesha baiskeli.
Nyama jirani ndiyo imekumbuka umbo lake."
"Ni vidonge au ni yule kijana wa mateso?"
Daktari akainua mabega. Nami nikawaza:
kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulipanda kilima cha Tettye kwa miguu.
Alisimama mara mbili; mwaka jana mara tano, na mimi nikimshika mkanda.
Nyumbani alitoa kipande cha ngozi alichokivuta zamani mno,
akakilowesha, akakilaza mezani,
akakikodolea macho mpaka taa za mtaa zikawaka.

Hakikurudi.
Akakikunja, akakitia mfukoni,
akaniomba maji ya kumezea.